Kasha la Mafumbo na Saa ya Mchanga Isiyofaa

Kwa wiki tatu sasa, nyumbani kwetu Umoja tumekuwa tukicheza kadi za mafumbo nilizozinunua kwa shilingi 1,800 katika duka moja la vitabu katikati ya jiji la Nairobi. Ndani ya kasha mna kadi 120, saa ya mchanga ya dakika moja, na kijitabu kinachoeleza jinsi ubongo unavyolipata jibu kwa ghafla. Kila kadi ina maneno matatu, na mchezaji hutakiwa kutafuta neno la nne linaloungana na yote. Kadi moja, kwa mfano, ina hewa, maji na sheria.

Kadi hiyo ilitushinda Jumamosi nzima. Mpwa wangu alijaribu kila neno lililomjia, mimi nikaandika orodha kwenye karatasi, na mchanga ukaisha mara tatu. Mama hakuwa akicheza. Alikuwa ameinamia ungo akichambua maharagwe. Mara mkono wake ukasimama, akainua macho ukutani pasipo na kitu, akasema, "Si mwana hilo? Mwanahewa, mwanamaji, mwanasheria." Nilipomuuliza amelipataje, alisema halikuja kidogo kidogo, bali lilimjia zima.

Kijitabu kinalieleza jambo hilo vizuri kuliko nilivyotarajia. Mnamo 2004 Mark Beeman, John Kounios na wenzao nchini Marekani walichapisha utafiti ambao watu walipewa mafumbo ya maneno matatu kama haya, kisha wakaeleza kama jibu lilikuja ghafla au walilifikia hatua kwa hatua. Baadhi yao walipimwa kwa mashine ya MRI, wengine kwa elektrodi za kunasa umeme wa ubongo zilizobandikwa kichwani. Jibu lilipokuja ghafla, takriban sekunde 0.3 kabla ya mtu kubonyeza kitufe, mawimbi ya kasi yaitwayo gama yaliruka upande wa kulia wa ubongo, juu kidogo ya sikio, mahali panaposaidia kuunganisha maana zilizo mbalimbali. Kinachonigusa zaidi ni kilichotangulia: zaidi ya sekunde moja kabla ya kitufe kubonyezwa, mawimbi ya polepole zaidi yaitwayo alfa yaliongezeka upande wa nyuma wa kichwa, kwenye eneo la kuona, na watafiti wakalichukua hilo kuwa ishara kwamba ubongo hujipunguzia kwa muda yale yanayoingia machoni ili wazo dhaifu lipate nafasi ya kusikika. Nilipoisoma sehemu hiyo niliyakumbuka macho ya Mama yaliyoelekea ukutani.

Mahali pamoja tu kijitabu kinapotosha, pale kinapodai kwamba upande wa kulia ndio wa ubunifu na wa kushoto ni wa hesabu. Pande zote mbili hufanya kazi katika kila fumbo. Tofauti ni ya kiasi, na msomaji mdogo hastahili kufundishwa vinginevyo.

Saa ya mchanga ndiyo kasoro kubwa zaidi. Tafiti za baadaye za watafiti hao hao zimeonyesha kwamba mtu aliyechangamka huyafumbua mafumbo mengi zaidi kwa njia ya ghafla kuliko mwenye wasiwasi, na sijaona kitu kinachomtia mtoto wasiwasi kama mchanga unaoporomoka mbele yake. Msomi Mwingereza Graham Wallas aliandika tangu 1926 kwamba baada ya kulishughulikia tatizo kwa bidii mtu huhitaji kipindi cha kuliacha kando kabla ya mwangaza kumjia, na dakika moja haikiachii kipindi hicho nafasi hata kidogo. Isitoshe, karatasi za kadi ni nyepesi mno kiasi kwamba ukizielekeza kwenye taa, jibu lililochapwa nyuma huonekana, na jibu lililochunguliwa halimpi mtu ile furaha ya kuligundua.

Sisi tumeifungia saa kabatini na kurudia utaratibu wa vitendawili: anayetaka kuambiwa jibu sharti atoe mji. Mpwa wangu amekwisha kutoa Kisumu, Lamu na Nakuru, lakini Mombasa ameing'ang'ania tangu Jumatatu kwa ajili ya kadi moja, na kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni huniomba nisimwambie. Kwa bei hiyo ningelinunua kasha hili tena, mradi wachapishaji waongeze unene wa karatasi.