Miezi mitatu na programu ya kubuni chombo cha anga: watu sita, safari ya Mshtarii

Nimeitumia programu hii karibu kila usiku kwa miezi mitatu. Ukiifungua unakuta karakana tupu na maswali mawili: watu wangapi, na wanakwenda wapi? Nikajaza sita, Mshtarii.

Nilikosea tangu mwanzo kwa kuanza na injini. Nilichagua ya nyuklia, ile inayopasha haidrojeni kwenye tanuri la atomi kisha kuisukuma nyuma kwa kasi. Si ndoto tupu: Wamarekani walizijaribu injini za aina hiyo ardhini, jangwani Nevada, kabla mradi haujafungwa mwaka 1973. Vyumba vya watu nikavibandika mbele mwishoni kabisa, kama mzigo. Siku ya tatu ya safari joto ndani lilikuwa halivumiliki. Nilidhani programu ina hitilafu. Kumbe huko nje hakuna hewa ya kukipoza chombo, na joto la mitambo pamoja na la miili ya watu halina pa kutokea isipokuwa kwa mnururisho, yaani kutoka kama miali isiyoonekana. Ndiyo maana Kituo cha Kimataifa cha Anga kina rejeta kubwa, yaani mabamba ya kupozea, zinazozungusha amonia. Changu sasa kina rejeta nne ndefu ubavuni, kinafanana na kereng'ende, na nakipenda hivyo hivyo.

Sehemu iliyonikamata zaidi ni gurudumu, lile linalozunguka ili waliomo ndani wahisi uzito. La kwanza nililipa nusu kipenyo cha mita 10. Ili lifikie uzito wa Duniani lilibidi lizunguke zaidi ya mara tisa kwa dakika. Nikasogeza kamera hadi jikoni. Mwanaanga alikuwa anamimina maji, na kwa sababu ya mzunguko huo wa kasi mkondo ukapinda hewani ukaangukia kando ya kikombe. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Nilirudia kuitazama ile picha mara nyingi, kwa sababu hesabu niliyokuwa naisoma kama namba sasa ilikuwa imelowesha meza ya mtu. Ukitaka uzito uleule kwa mizunguko miwili tu kwa dakika, ambayo mwili unaizoea kwa urahisi zaidi, nusu kipenyo lazima kifike mita 224 hivi. Hicho ni chombo chenye upana unaozidi viwanja vinne vya mpira! Nikaachana na gurudumu, nikafunga vyumba upande mmoja na mitambo upande wa pili kwa kamba ndefu, vyote vizungukane. Wazo hili nalo lina historia yake: mwaka 1966 chombo cha Wamarekani, Gemini 11, kilifungwa kwa kamba ya mita 30 na chombo kingine, vikazungushwa, ukapatikana mvuto hafifu sana.

Mionzi wameitendea haki. Kifaa kilichokuwa ndani ya Curiosity, roboti ya utafiti, wakati inaelekea Mirihi kilipima takribani milisiveti 1.8 kwa siku (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), na programu inahesabu kipimo cha kila mtu siku hadi siku. Usiku mmoja king'ora cha dhoruba ya Jua kililia. Sikuwa nimejenga kimbilio, kwa hiyo nikawabana wote sita katika stoo iliyozungukwa na matangi ya maji, wakakaa humo siku mbili magoti kwa magoti. Nilikumbuka dhoruba kali ya Agosti 1972, iliyotokea kati ya safari za Mwezini za Apollo 16 na Apollo 17. Bahati tu kwamba hakukuwa na mtu njiani. Tangu hapo matangi ndiyo ninayoyachora kwanza, na vitanda navipanga katikati yake.

Maji na chakula sitavizungumzia sana, viko sawa. Mkojo, jasho na unyevu wa pumzi vinarudishwa kuwa maji ya kunywa, na kiwango cha asilimia 98 wanachokitumia si cha kubuni. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilikifikia mwaka 2023.

Malalamiko yangu ni mawili, na yote yananiuma kwa kuwa kazi nyingine imefanywa kwa moyo. La kwanza, wanaanga hawa hawachoshani. Katika Mars-500, jaribio la kuigiza safari ya Mirihi kule Moscow, wanaume sita walifungiwa siku 520, na baadhi yao usingizi wao ulivurugika vibaya. Wangu wamekaa miaka miwili bila hata mmoja kununa. Mbunifu atajuaje kwamba chumba cha faragha kina thamani kuliko dirisha, ikiwa hakuna anayekihitaji?

La pili ni mawasiliano. Ukiuliza jambo Duniani, jibu linakuja papo hapo, ilhali mawimbi ya redio huchukua dakika 33 hadi 54 kati ya Dunia na Mshtarii, kwenda tu. Nimewaandikia waundaji, wakajibu kwa upole kwamba watalifanyia kazi.

Naipendekeza kwa yeyote mwenye subira na kompyuta yenye nguvu ya wastani. Wakati nasubiri toleo jipya, naweka saa mezani: nikituma swali, jibu silifungui mpaka saa moja na nusu ipite. Jana usiku niliuliza kama valvu ya tangi la pili ifungwe. Nilipolifungua jibu, nilikuwa nimeshaifunga mwenyewe.