BRouter: kipanga-njia cha baiskeli kikipimwa kwa milima ya Mwanza

Anayetaka kuvuka Mwanza kwa baiskeli hubanwa na mambo mawili kwa pamoja: barabara kuu zinazokutana katikati ya jiji, na vilima vya mawe vinavyoziba njia za mkato kati yake. Kenyatta inaingia kutoka Nyegezi na Mkuyuni, Nyerere inatoka Igoma na Nyakato, Makongoro inaelekea Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Na kwa sababu hakuna nyingine zenye uwezo wa kuzipokea, malori, daladala, bajaji na bodaboda zote humiminika humo humo. Ramani za simu ambazo wengi wetu tunazo zilijengwa kwa kumfikiria dereva wa gari, hivyo humrudisha mwendesha baiskeli kwenye barabara hizo anazozikimbia. BRouter imetengenezwa kwa kusudi jingine, na kwa mtazamo wangu ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza katika jiji hili, ingawa haimfai mtu asiye na subira ya kuielekeza.

Programu hii ni ya bure na haina matangazo. Hutumia data ya OpenStreetMap, mradi wa ramani ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na unaojazwa na watu wanaojitolea. Inapatikana kwa namna mbili: tovuti inayofunguliwa kwenye kivinjari chochote, ambapo unapanga safari na kupakua faili la GPX (faili linalobeba mchoro wa njia), na programu ya Android inayokokotoa njia ndani ya simu bila intaneti. Hii ya pili haina ramani yake. Inaitumikia programu nyingine ya ramani, kama OsmAnd au Locus Map. Data yake imegawanywa katika vipande vya nyuzi 5 za latitudo kwa 5 za longitudo, na kipande chenye Mwanza kinaitwa E30_S5. Ukishakipakua kimoja hicho umepata pia Bukoba, Musoma, Shinyanga, hata Kisumu ng'ambo ya mpaka, jambo litakalomfurahisha yeyote anayewaza kuzunguka upande wa kusini wa ziwa huku akibana matumizi ya bando.

Ubora wake mkubwa uko kwenye hesabu ya milima. Unachagua wasifu wa mwendeshaji, kwa mfano “trekking” kwa baiskeli ya kawaida au “fastbike” kwa anayetaka lami, na kila wasifu ni maandishi unayoweza kuyafungua, kuyasoma na kuyabadilisha. Katika mpangilio wa kawaida wa “trekking”, kila mita unayoshuka kwenye mteremko unaozidi asilimia 1.5 huongezewa gharama (si pesa, bali alama ambazo programu hulinganishia njia na kuchagua yenye chache) sawa na mita 60 za safari, ilhali kupanda hakutozwi chochote. Mtu wa Mwanza atashangaa, maana hapa kinachomaliza pumzi ni kupanda. Mantiki yake ni kwamba kati ya nukta mbili zisizobadilika, tofauti ya jumla ya kupanda na kushuka haibadiliki, kwa hiyo ukitoza upande mmoja umeutoza na mwingine. Njia inayopanda kilima na kukishuka bila sababu hukataliwa. Mantiki hiyo inafaa sana kwa safari ya kutoka ufukweni hadi ufukweni. Haifai kwa anayekwenda Bugando au Isamilo, ambako safari huishia juu: pale hakuna kushuka kwa kutozwa, na njia fupi yenye mwinuko mkali huonekana nafuu kuliko ile ndefu inayozunguka polepole. Dawa ni kupandisha gharama ya kupanda ndani ya wasifu. Ni kazi ya kubadilisha namba moja, lakini lazima ujue kwamba namba hiyo ipo, na tovuti yenyewe haikusaidii sana kulijua hilo.

Nimeipima zaidi kwa safari ya Nyegezi hadi Bwiru, kwa sababu inavuka jiji lote kutoka kusini hadi kaskazini na haiwezi kukwepa kabisa msongamano. Upande wa kusini hakuna la kujadili sana. Uchaguzi wa kweli huanza unapokaribia mjini, na hapo ndipo zana mbili za tovuti zinapoonyesha thamani yake. Ya kwanza ni nukta za kupitia: unaweka alama mahali unapotaka njia ipite, kisha unaiburuta kwa kipanya au kidole hadi uridhike. Nukta moja ikiwekwa Capri Point hukuchepusha kwenye rasi ile yenye magari machache, ukapata upepo wa ziwa na kivuli kabla ya kurejea kwenye vurugu. Ni kuzunguka, naam, na mwenye haraka ya kufika kazini ataiona anasa. Lakini tunazungumzia njia ya kupendeza, na jiji lenye ufukwe kama huu halina sababu ya kumnyima mwendesha baiskeli kuuona. Ya pili ni maeneo ya kutopita. Unachora duara kuzunguka kipilefti cha samaki au lango la soko la Mwaloni, na programu inatafuta namna ya kuvipita kwa mbali. Baada ya Kirumba, kushika mitaa ya Kitangiri badala ya kung'ang'ania Makongoro ni uamuzi ambao wenyeji wengi wangeufanya bila ramani; faida ya BRouter ni kwamba inakuonyesha papo hapo umbali ulioongezeka na mchoro wa miinuko chini ya ramani, ukaamua kwa macho yako kama utulivu huo una thamani ya kijiko cha jasho.

Vivuko vina swichi yake ndani ya wasifu. Anayepanga kwenda Sengerema aikague, kwani kivuko cha Kamanga kikiruhusiwa safari huwa ya namna moja, na kikikatazwa huwa safari tofauti kabisa.

Data ya miinuko inahitaji tahadhari. Msingi wake ni vipimo vya rada vya chombo cha anga Endeavour cha Marekani, vilivyochukuliwa kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na usomaji wake ni wa miraba yenye upana wa makumi ya mita. Kwenye nchi tambarare hilo halina madhara. Kwenye mitaa inayojipenyeza kati ya miamba mikubwa, mraba mmoja unaweza kubeba mwamba, paa na barabara kwa wastani mmoja, na mwinuko mkali wa hatua chache ukamezwa humo. Mchoro ukikuambia kichochoro cha mlimani ni laini, usiuamini kabla ya kukiona. Vivyo hivyo kwa aina ya uso wa barabara: wasifu hutenganisha lami na udongo pale tu ambapo mchora ramani amejaza taarifa hiyo, na isipojazwa programu hukisia kwa kufuata daraja la barabara.

Kuna mengine haiyahesabu kabisa. Haina taarifa za msongamano wa wakati huo, wala haijui kwamba mtaa wa udongo uliokuwa mzuri Julai huwa tope na makorongo wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Upepo nao haumo. Mchana ardhi inapopata joto upepo huvuma kutoka ziwani, na anayerudi mjini kutoka Igoma huupokea usoni. Ni afadhali kupanga mwelekeo huo uwe wa asubuhi.

Mwonekano wa programu ya Android ni mkavu, orodha na vitufe tu, na maelezo yake yanamdhania msomaji kuwa fundi. Ndiyo maana ningemshauri anayeanza atumie tovuti kwenye kompyuta au simu yenye kioo kipana, apange njia nyumbani, kisha apakue faili la GPX na kulifungua kwenye OsmAnd akiwa njiani. Anayetaka tu kubonyeza na kuongozwa kwa sauti bila kuuliza maswali ataridhika zaidi na OsmAnd peke yake. Kwa mwenye nia ya kuiboresha ramani ya mtaa wake, ipo StreetComplete, programu ya Android inayomuuliza mtumiaji maswali mepesi akiwa barabarani, mojawapo likiwa aina ya uso wa barabara anayoikanyaga. Majibu hayo huingia OpenStreetMap, na ili yabadilishe njia ndani ya simu itabidi kukipakua upya kipande cha E30_S5 baada ya watengenezaji kukisasisha.