Raba za shokapu za mbele kwenye pikapu ya zamani: anza kununua nini

Kama unaendesha Hilux ya zamani hapa Moshi, mlio huu unaujua. Ukipita kwenye rasta taratibu, mbele kunagonga ngo-ngo-ngo. Ukiongeza mwendo unapotea, unabaki kujiuliza kama ulisikia kweli. Mimi nilibadilisha stabiliza linki, nikabadilisha bol jointi za chini, na mlio ukabaki pale pale. Kumbe kilichokufa ni raba mbili za juu ya shokapu ya kushoto, vitu vinavyoenea kwenye kiganja cha mkono. Fundi wa pili aliziona akiwa bado amesimama, hata jeki hajaweka.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani, pima. Mwombe mtu abonyeze na kuachia kona ya mbele ya gari, wewe weka vidole pale rodi ya shokapu inapopita kwenye breketi, yaani kishikio cha chuma kinachoibeba shokapu kwa juu. Raba nzima hujikunja kidogo na kurudi. Iliyokwisha utasikia chuma kinacheza, na mara nyingi unga mweusi wa raba unabaki kwenye vidole. Kisha shuka chini uangalie mwili wa shokapu: kama una mafuta yaliyoshika vumbi, sili inayozuia mafuta yasitoke imekwisha na raba mpya haitakusaidia.

Maelezo haya ni ya pikapu ambazo shokapu ya mbele imekaa peke yake, springi kando: Hilux nyingi za kabla ya 2005, ziwe za tosheni baa (fito ya chuma inayojisokota badala ya springi) au springi za bapa, na Hardbody na L200 za miaka hiyo. Hilux Vigo ya 4WD iliyofuata baada ya hizo ina koili springi iliyovikwa juu ya shokapu. Hiyo nati ya katikati usiifungue ukiwa nyumbani. Springi imebanwa, na ikiruka inaua. Mpelekee mwenye kifaa cha kubania springi.

Sasa manunuzi, kwa jinsi ninavyoyapanga mimi.

Namba moja ni seti ya raba za kawaida pamoja na washa zake (vile visahani vya chuma vyenye tundu), kwa pande zote mbili. Shokapu ikiwa kavu, hakuna sababu ya kununua nyingine. Dukani usiseme tu "raba za Hilux". Nenda na ile ya zamani mfukoni, hata kama imebaki nusu, ulinganishe tundu la katikati na kile kishingo kinachoingia kwenye breketi. Kishingo kikiwa chembamba, raba itacheza ndani ya tundu na utarudi pale pale ndani ya mwezi. Ibonyeze kwa ukucha: ikirudi haraka ni nzima, ikionyesha nyufa ndogo kama kisigino cha mtu wa shamba, imekaa rafuni miaka. Raba huzeeka hata bila kutumika. Na usikubali kuuziwa raba bila washa kama zako zimepinda au zimeliwa na kutu, maana washa ndiyo inayoishikilia raba isitoke nje. Boksi lenye jina kubwa peke yake si ushahidi wa chochote. Angalia kitu chenyewe.

Namba mbili, shokapu mpya mbili zenye raba zake ndani ya boksi. Hii inakuwa namba moja pale ya zamani inapovuja, au ukiibonyeza kwa mkono baada ya kuifungua inaingia bure bila ukinzani. Usinunue moja. Mbele kukiwa na shokapu mpya upande mmoja na mzee upande wa pili, gari linavuta vibaya kwenye kona na breki. Kati ya za mafuta na za gesi, kwa mtu anayebeba ndizi kutoka Machame au mahindi ya Arusha Chini, mimi naona za gesi zinavumilia zaidi barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, kwa sababu mafuta yake hayatoi povu haraka yakipata joto. Gari likiwa tupu utaliona gumu kidogo.

Namba tatu ni zile raba za plastiki ngumu, nyekundu au njano, ambazo vijana wa magari ya safari kule Arusha wanazipenda. Zinadumu, mafuta hayazili upesi. Lakini zinapiga kelele zikikauka bila grisi, na mtikisiko ambao raba ya kawaida ingeumeza zinaupitisha kwenye breketi. Kwenye chesisi ya miaka 25 yenye kutu, mimi siziweki.

Namba nne, shokapu za mtumba. Siwezi kusema usinunue kabisa, wengi tumeendesha nazo. Ila isukume na kuivuta mara kadhaa ikiwa imesimama wima. Ukinzani uwe sawa kuanzia juu hadi chini. Ukikuta sehemu inalegea, iache. Pitisha kidole kwenye ile rodi inayong'aa. Ukigusa mikwaruzo au vidoti vya kutu, vitaichana sili kabla ya masika kuisha.

Mwisho kabisa ni raba zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. Zimenifikisha nyumbani usiku mmoja kutoka Marangu, nazishukuru. Kesho yake zitoe.

Kuna kitu kimoja hakiuzwi dukani, nacho kinaweza kuharibu hesabu yote: breketi yenyewe. Raba ikishakufa muda mrefu, chuma hukwangua chuma na tundu la mviringo linakuwa kama yai. Hapo hata raba bora ya mjini haikai. Safisha tope, uangalie nyufa kwenye maungio. Mchomeleaji aongeze bamba jipya lenye tundu sahihi, asijaze tu ufa kwa juu. Na betri itolewe nyaya kabla hajawasha mashine.

Wakati wa kufunga, simama karibu na fundi. Nati ikizungusha rodi, atataka kuibana rodi kwa koleo (praizi). Mkatalie. Kule juu kabisa rodi nyingi zina sehemu iliyochongwa kwa ajili ya spana. Kwenye pikapu ya springi za bapa, ekseli iwe imeegemezwa kwenye stendi, isining'inie ikavuta mpira wa breki. Raba za juu zibanwe mpaka zianze kutanuka kuikaribia kingo ya washa, zisipasuke. Bolti ya chini ikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi, ile raba ya ndani ya tundu la chini, inabaki imesokotwa siku zote na inakatika mapema.

Chukua nati mpya zenye plastiki ndani. Bei yake ni ndogo, na muuzaji mara nyingi hazitaji mpaka umwulize.