Mikanda ya kufungia mzigo iliyoandikwa "TANI 5": uzoefu wangu kutoka Mbeya hadi Kiwira

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mikanda ya rangi ya chungwa niliyouziwa katika duka moja la vifaa vya magari pale Mwanjelwa, ile yenye racheti (kifaa cha chuma cha kuukazia mkanda) na pakiti iliyoandikwa "TANI 5" kwa herufi kubwa kuliko maneno mengine yote, haifai kufungia chuma kizito katika barabara zetu za milima. Urefu wake na idadi ya mikanda katika pakiti kila mtu anaweza kuvisoma mwenyewe. Mimi nataka kusema kuhusu kulabu moja na kuhusu mtu aliyeniuzia.

Ilikuwa masika, mwezi wa tatu au wa nne. Nilikuwa napeleka Kyela mashine ya kukoboa mpunga pamoja na injini yake ya dizeli, mzigo ambao kwa jumla haukufika tani moja. Dereva wa kenta niliyoikodi, mtu wa makamo anayeifahamu njia ile vizuri, alikuwa ameniambia mapema kwamba kamba za manila alizo nazo zinatosha magunia ya viazi lakini si chuma, kwa sababu kamba ile hunyumbuka ikivutwa na fundo lake hulegea kadiri gari linavyotikisika. Akanitaka nitafute mikanda minne ya upana wa milimita 50, yenye lebo iliyoshonwa kwenye utepe wenyewe. Maduka mengine niliyoyapitia yalikuwa na ile ya milimita 25 tu, ambayo ni ya kufungia pikipiki na vitu vyepesi, na kenta ilikuwa imekwisha kupakia.

Nilimwuliza muuzaji lebo iko wapi. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Mama, umekuja kununua mkanda au kusoma gazeti?" Waliokuwa wamesimama pale wakacheka. Nikamwuliza tena, kwa upole, hizo tani 5 ni za kukatikia au za kufungia. Akanijibu, "Tani tano ni tani tano. Kama hutaki, wapishe wenzako." Nilipoomba risiti ya mashine, akasema mtandao unasumbua.

Swali langu halikuwa la kujionyesha. Mkanda wa kawaida wa polista wa milimita 50, uliotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Ulaya, huwa na kitambaa kidogo cha buluu kilichoshonwa, na juu yake pameandikwa LC, yaani nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kuvutwa nayo wakati wa kazi. Kwa mkanda wa aina hii mara nyingi ni daN 2500 ukivutwa moja kwa moja, na daN 5000 ukizungushwa kwenye mzigo na ncha zake kurudi upande mmoja. DaN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Kwa hiyo "tani 5" ya kwenye pakiti inaweza kuwa nguvu ya mkanda uliozungushwa, au inaweza kuwa nguvu ya kuukata kabisa. Katika kanuni za Marekani, mzigo wa kazi ni theluthi moja tu ya nguvu ya kukatika. Tofauti kati ya maana hizi ni kubwa mno, na anayepaswa kuieleza ni yule anayechukua fedha.

Kuna jambo jingine ambalo dereva alinieleza tukiwa tunafunga. Mkanda unaopita juu ya mzigo hauushiki kwa nguvu yake yote. Kazi yake ni kuukandamiza kwenye sakafu ya gari, na kinachouzuia mzigo usitembee ni msuguano. Ukandamizaji huo hautokani na tani zilizoandikwa mahali popote, bali na jinsi mkono wa mtu unavyoweza kuikaza racheti, na lebo nzuri huutaja kwa herufi STF, ambapo mikanda mingi ya kukazwa kwa mkono huwa na daN mia tatu hivi tu. Sakafu ikiwa na maji na matope, hata ukandamizaji huo hupungua faida. Ndiyo maana alipitisha mikanda miwili juu, akaweka vipande vya tairi kuukuu kwenye pembe za chuma ili utepe usikatwe, kisha akafunga miwili mingine mshazari kutoka kwenye miguu ya mashine hadi kwenye pete za bodi ili kuizuia isiende mbele. Kanuni za Ulaya zinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Hakuna kilichofungwa ovyo siku ile. Utepe haukupindishwa, haukupigwa fundo, na katika kila racheti ulizungushwa mara mbili au tatu kama inavyotakiwa.

Tulipita Uyole na Igawilo, na baada ya mwendo mfupi dereva akasimama kukaza upya, kwa kuwa mkanda mpya hulegea kidogo mzigo unapojikalisha. Tukapanda Uporoto mvua ikinyesha. Tulipokwisha kuipita Isyonje na kuanza kuteremka kuelekea Kiwira, lori la ndizi lililokuwa mbele yetu lilipunguza mwendo ghafla, na dereva wetu akashika breki. Hakuikanyaga kwa nguvu. Mimi niliyekaa mbele sikusogea kwenye kiti. Lakini nyuma ulisikika mlio mmoja wa chuma, kisha kishindo kilichotikisa gari zima. Kulabu ya mmoja wa mikanda ya mshazari ilikuwa imefunguka na kunyooka kama msumari, mashine ikazunguka na kugonga bodi ya kushoto, na puli kubwa ya injini ikapasuka. Utingo alikuwa amekaa upande wa kulia. Angekaa kushoto, leo nisingekuwa na la kusema kuhusu mashine wala puli.

Kwa kuwa nataka kusema haki, niseme pia kwamba utepe wenyewe haukukatika hata uzi mmoja, racheti zote nne zilishika, na mikanda mitatu iliyobaki ndiyo iliyoizuia mashine isitoke kabisa garini. Nilipolala Kiwira usiku ule nilikuwa tayari kuandika kwamba mkanda ni mzuri, kasoro ni kulabu, na kwamba anayejua fundi wa kumchomelea kulabu nene anaweza kuununua bila wasiwasi mkubwa. Nilidhani pia kwamba muuzaji akiiona kulabu ile atashtuka.

Hakushtuka. Aliishika, akaigeuza, akaitupa juu ya meza. "Mama, ulizidisha mzigo." Nikamwambia mzigo haukufika tani moja na pakiti yake inasema tano. "Hayo ya pakiti ameandika mwenye kiwanda, siyo mimi. Risiti iko wapi?" Aliniuliza hivyo yule yule aliyekataa kunipa risiti, tena mbele ya wateja. Nchi hii ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na sheria hiyo inakataza kumpotosha mnunuzi; nilipoitaja akaniambia niende nikashtaki.

Basi nikarudi nyumbani na kuikagua ile mitatu niliyokuwa nimeanza kuisifu. Katika mmoja, mshono unaoshika kulabu ulikuwa umeachia karibu nusu, na nyuzi zake ni nyembamba kuliko za mkoba wa shule. Mwingine una kulabu iliyokwisha kuanza kufunguka, ingawa ulikuwa wa kupita juu na haukuvutwa kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo nayafuta yale niliyosema juu ya fundi wa kuchomelea. Mkanda ni kitu kimoja kuanzia kulabu hadi kulabu, na nguvu yake ni ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Utepe mzuri ulioshonwa vibaya si mkanda mzuri.

Mikanda ninayotumia sasa niliinunua Tunduma, kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya malori yanayovuka kwenda Zambia. Kabla sijauliza chochote aliigeuza lebo ya buluu upande wangu akaniambia, "Soma kwanza, mwanangu, halafu tuzungumze bei." Bei ilikuwa karibu maradufu, na nililipa bila kubembeleza. Tangu hapo imefungia mbao kutoka Mafinga na imeirudisha Kyela injini iliyotengenezwa, na kila nikiifungua naitazama mishono na kulabu zake; bado sijaona dosari. Ningempa mzee yule nyota zote, ingawa duka lake ni dogo na hana pakiti ya kupendeza hata moja.

Duka la Mwanjelwa nalipa nyota moja kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri. Kulabu iliyonyooka na pakiti yake nimevihifadhi, na nitavipeleka kwa Shirika la Viwango pamoja na maelezo haya. Puli mpya, fundi, na gharama ya kenta kulala Kiwira nimelipa mimi, na fedha hizo bado ninamdai.