Fort Kochi: usiende Ijumaa

Nilikuwa Ernakulam, jimbo la Kerala, India, nikimuuguza mama. Siku ambazo hakuwa na vipimo nilivuka maji kwenda Fort Kochi, na sasa naweza kuwaambia wanaokuja huku kutibiwa: tengeni walau siku mbili.

Vukeni kwa boti ya serikali. Nauli ni sarafu chache, upepo ni wa bure, na mnaiona bandari yote. Mimi mara ya kwanza nilichukua bajaji ya kunizungusha mji, bei rahisi ajabu. Kumbe dereva anapata chochote kwa kila duka anakokushusha! Maduka matatu ya mazulia, na mimi nimekuja kutazama kanisa. Nikamwambia, "Chetta, inatosha," ndivyo wanavyomwita kaka huko, nikashuka nikaenda kwa miguu. Ni mji wa kutembea, miti mikubwa ya kivuli kila mahali.

Na ilikuwa Ijumaa. Kasri la Mattancherry limefungwa, sinagogi la Paradesi nalo limefungwa. Nilirudi Jumapili. Kasri lilijengwa na Wareno mwaka 1555, wakampa mfalme wa Kochi, ila watu wanaliita la Waholanzi kwa kuwa ndio waliolikarabati baadaye. Kwa nje halina mvuto. Ingia ndani utazame kuta: Ramayana nzima, ile hadithi ndefu ya Wahindu, imechorwa, nilisimama mpaka shingo ikauma. Sinagogi ni la 1568, unavua viatu na kukanyaga vigae vya Kichina vya buluu na nyeupe vilivyochorwa kwa mkono. Mtaani nje, harufu ya pilipili manga na tangawizi kavu ilinikumbusha sokoni kwetu Mombasa.

Kilichonigusa zaidi ni kanisa la Mtakatifu Fransisko. Humo alizikwa Vasco da Gama, yule yule wa nguzo ya Malindi. Alifia Kochi tarehe 24 Desemba 1524, na mwaka 1539 mabaki yake yakapelekwa Ureno. Limebaki jiwe tu, limezungushiwa uzio mdogo. Nilipomsimulia mama alicheka: "Akatoka kwetu akaja kufia huku?"

Chakula hakina shida kwa mtu wa pwani. Appam ni kama vibibi, unga wa mchele na tui, ila kingo zake kavu na katikati nene. Samaki karimeen wanampaka viungo, wanamfunga kwenye jani la mgomba na kumkaanga. Bei muulize kabla hujakaa.

Juni hadi Agosti mvua haina huruma, epukeni.

Mama aliporuhusiwa nilimpeleka. Hakutaka kanisa wala kasri. Alikaa ufukweni kutazama zile nyavu za Kichina, wanaume wakivuta kamba zenye mawe ili wavu upande. Akahesabu walichopata: samaki sita, na kaa mmoja.