Senta aliyeiva au kinda wa drafti? Memphis 2009, Gasol na Thabeet wetu

Habari zenu wapenzi wa kikapu, karibuni tena. Leo naweka mezani senta wawili, yaani wale wachezaji warefu wanaokaa karibu na goli. Mmoja ni kijana lakini kazi yake tumeshaiona, mwingine ndiyo kwanza anatoka chuo na kila mtu anamtabiria makubwa. Ukiwa na timu, unamchukua nani?

Kesi ninayoitumia inatugusa sisi wenyewe. Juni 2009, drafti ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), yaani usiku ambao timu huchagua vijana wapya kwa zamu, kwetu saa nane usiku ilishapita. Memphis Grizzlies wana chaguo namba 2, na jina linalosomwa ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA! Kama ulikuwa macho usiku ule, unajua nazungumzia furaha gani.

Sasa tumtazame kama mnunuzi anavyomtazama. Urefu, mita 2.21. Msimu wake wa mwisho pale Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi (mipira iliyokosa goli anayoidaka) 10.8 na mitupo 4.2 anayoizuia kila mechi, na timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo Marekani. Hizo si namba za kubahatisha. Lakini huyu kijana alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Ukiangalia mechi zake za chuo, unaona anazuia kwa sababu ni mrefu kuliko wote, mpira unamfuata yeye. Akigeuza mgongo kwenye goli ili afunge, miguu inachelewa. Akisukumwa na mtu mwenye kifua, anasogea.

Haya, upande wa pili. Memphis hiyohiyo tayari ilikuwa na Marc Gasol. Alikuwa na miaka 24, Hasheem 22, yaani wamepishana miaka miwili tu! Alichaguliwa namba 48 mwaka 2007, akafika Memphis kupitia dili lililompeleka kaka yake Pau kwa Lakers. Msimu wake wa kwanza alitoa pointi 11.9 na rebaundi 7.4, akianza karibu mechi zote. Kabla ya hapo alikuwa ameshapambana na wanaume ligi ya Hispania na kuvaa medali ya fedha ya Olimpiki ya Beijing. Haruki sana, lakini anajua asimame wapi. Anaweka skrini, yaani anasimama kumzibia njia mlinzi, anatoa pasi akiwa juu ya eneo la hatari, anapanga walinzi wenzake kwa sauti. Vitu hivyo haviingii kwenye jedwali la namba, na ndivyo vinavyomfanya kocha asikutoe uwanjani.

Hapa ndipo ninapowalaumu Memphis, na nalisema nikimaanisha. Ukishakuwa na senta kijana aliyeiva, huchukui senta mwingine ambaye bado mbichi ukamweka nyuma yake. Hasheem alihitaji dakika nyingi za kukosea na kusahihishwa. Alipata kama 13 kwa mechi, pointi 3.1, na Februari 2010 wakampeleka ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA. Februari 2011 wakamuuza Houston. Miezi miwili baadaye Gasol na mwenzake Zach Randolph wakawatoa San Antonio Spurs, vinara wa kanda ya Magharibi, raundi ya kwanza ya mtoano. Gasol akawa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013, na 2019 akachukua ubingwa na Toronto.

Na chaguo namba 3 mwaka ule alikuwa James Harden. Namba 7, Stephen Curry. Wote wawili wakaja kuwa nyota wakubwa. Inauma, lakini nawaomba msimtupie Hasheem mzigo huo. Yeye hakujichagua.

Kuna timu nyingine zilizokabiliwa na uamuzi huohuo. Golden State mwaka 2020 walitumia namba 2 kwa James Wiseman, ambaye chuoni alicheza mechi 3 tu. Goti likamwangusha, na 2023 wakaachana naye. Cleveland wao, Januari 2021, walimchukua Jarrett Allen akiwa na miaka 22 na zaidi ya mechi 200 za NBA mwilini, na walichotoa hasa ni chaguo la raundi ya kwanza ya drafti lililotoka Milwaukee. Baadaye wakampa mkataba wa dola milioni 100 kwa miaka 5, mwaka 2022 akaitwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi. Ghali, ndiyo. Lakini unajua umelipia nini.

Mtaniambia: na Victor Wembanyama, yule senta Mfaransa, je? Sawa, kinda wa aina ile sibishani, unamchukua hata kama una senta watatu. Ila huyo mtu alicheza ligi ya wakubwa Ufaransa kabla ya drafti ya 2023. Naye alishapimwa na wanaume.

Kwa hiyo mimi, nikiwa na nafasi moja ya senta, nalipa fedha nachukua aina ya Gasol au Allen, na chaguo la drafti natafutia mchezaji wa pembeni, asiye senta. Kinda mrefu kama Hasheem namchukua pale tu nafasi ya senta ikiwa wazi, nina kocha wa senta wa kukaa naye kila siku, na nimekubali kupoteza mechi misimu miwili huku naye akicheza dakika 25.