TAHADHARI: "Pasi za treni" za Ulaya na India zinazouzwa WhatsApp Mtwara na Lindi

Mnaojiandaa kusafiri, someni hii kabla ya kutuma hela. Lile tangazo la "pasi ya treni Ulaya nzima, siku saba, unatumiwa PDF hapo hapo" ni la kukimbia. Muuzaji wa namna hii hana ofisi, analipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na ukimwomba risiti anakutumia vikopa. Mbaya zaidi, hata hiyo PDF ikiwa halali, wewe haikusaidii kitu.

Sisi tumezoea tiketi ya basi la Dar: inaandikwa jina lolote, usipotokea kiti anapewa mwingine, safari inaendelea. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ile ya mradi wa karanga, ilifungwa mwaka 1962, kwa hiyo wengi huku hawajui kukaguliwa tiketi ndani ya behewa kukoje. Tapeli anakula hapo hapo.

Pasi inayoruhusu kuzunguka nchi nyingi za Ulaya kwa mtu asiyeishi huko inaitwa Eurail. Inabeba jina lako na namba ya pasipoti yako. Ya kwenye simu inakaa kwenye simu moja tu, ndani ya programu yake. Siku ya safari unaiwasha, unaingiza treni unayopanda, ndipo inatoa msimbo wa kuskani. Skrinshoti ya mtu mwingine haiwezi kufanya hayo. Kwa hiyo anayekuuzia "siku zilizobaki" kwenye pasi ya shemeji yake aliyerudi, anakuuzia faini. Jambo lingine asilokwambia: treni za kasi kama TGV za Ufaransa, Eurostar na zile za Italia zinataka ulipie nafasi ya kiti kando, hata ukiwa na pasi.

Ujerumani ndiko watu wanakopigwa zaidi, kwa sababu tiketi yenyewe ni nzuri kweli. Inaitwa Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya kuzunguka Ujerumani nzima. Ilikuwa yuro 58 kwa mwezi kuanzia Januari 2025, ikapanda hadi 63 Januari 2026. Ukiona inauzwa nusu bei, jiulize nani amelipa nusu ya pili. Mchezo unaochezwa ni huu: tapeli anajiunga kwa akaunti ya benki ya mtu asiye na habari, tiketi inatoka, anakuuzia. Mwenye akaunti akishtuka na kudai hela yake, tiketi inafungwa. Wewe uko ndani ya treni, mkaguzi anaskani, mashine inakataa, anaomba kitambulisho, jina halilingani. Faini ya kusafiri bila tiketi halali ni yuro 60, na maelezo yako ya WhatsApp hayamhusu.

Ukiinunua kwa njia halali nayo ina mitego yake. Inahesabu mwezi wa kalenda: ukianza tarehe 20, tarehe 30 au 31 imekwisha. Inajirudia yenyewe kila mwezi mpaka uifute, na kuifuta ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka iishe. Haipandi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC wala EC. Ni ya treni za mikoa, mabasi na treni za mjini.

Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima uigonge muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Umelipa, unayo mkononi, lakini haina muhuri: unapigwa faini. Ukishaigonga una saa 4 za kumaliza safari. Ya kwenye simu nayo unaithibitisha kabla ya kupanda. Treni za kasi hazihitaji muhuri, ila tiketi ni ya treni ile ile na saa ile ile.

Sasa India. Wanaosindikiza wagonjwa hupata siku ya kwenda Agra kuona Taj Mahal, na wakala anawatumia tiketi iliyoandikwa WL. Hiyo ni foleni ya kusubiri, siyo kiti. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya abiria inapotengenezwa, inajifuta, na hela inarudi kwenye akaunti iliyolipia. Yaani ya wakala! Wewe huna safari, yeye ana hela yako. Dai PNR, yaani namba ya tiketi yenye tarakimu 10, uikague mwenyewe kwenye tovuti ya reli ya India kabla ya kulipa. Ikiandika CNF, kitanda kipo. RAC unapanda, ila mnaweza kukaa wawili kwenye kitanda kimoja. Pasipoti halisi iwe mkononi. Na pale New Delhi, mtu akikwambia ofisi ya tiketi za wageni imefungwa au imehama, mpite. Iko ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni.

Kama umeshatuma hela, piga 100 ya mtandao wako dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe kabla hajatoa. Akikuandikia kwa meseji ya kawaida, isambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha taja namba yake. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute hata kama yanakuudhi: polisi wataomba namba ya muamala, jina lililotokea ulipotuma na hiyo PDF yenyewe.